Miezi Mitatu: Historia ya Kifungu Kimoja cha Maneno katika Chanjo ya Vitoto vya Mbwa na Paka

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kifungu kifupi cha maneno, yaani "mbwa wa miezi mitatu na zaidi", kilivyoingia katika matangazo ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kikazoewa, kikanakiliwa mwaka hata mwaka, na kikaendelea kusomwa hata baada ya sababu kubwa iliyokizaa kwisha. Yamkini msomaji atauliza: je, hili si jambo la mabwana mifugo? Linawahusu nini watu wa istilahi? Tunajibu kwamba mwanakijiji wa Meatu au mchimbaji mdogo wa Nyarugusu hafikiwi kwanza na sindano. Hufikiwa kwanza na tangazo lililobandikwa mtini au kusomwa kwa kipaza sauti juu ya gari. Tangazo likimwambia aache nyumbani vitoto vya mbwa, ataviacha. Navyo ndivyo watoto wake wanavyocheza navyo kutwa.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina utajiri wa kutosha katika mambo ya ng'ombe. Tuna ndama, mtamba, fahali na maksai. Kila neno linaonyesha umri, jinsi au hali ya mnyama, wala hapana haja ya kuongeza maelezo. Kwa mbwa hali si hiyo. Tuna mbwa, tuna koko, kisha tunaishia katika maneno ya kuungaunga: mbwa jike, mbwa dume, mtoto wa mbwa. Shuleni wanafunzi hukaririshwa kwamba mtoto wa mbwa ni kilebu na mtoto wa paka ni kinyaunyau, lakini maneno hayo hubaki katika daftari la mtihani. Hatujapata kusikia mfugaji akisema kwamba vilebu wake wanaharisha. Sababu za upungufu huu si ngumu kuziona. Kiswahili kilikulia pwani, miongoni mwa watu ambao kwa mujibu wa dini yao mate ya mbwa ni najisi, na mbwa hana nafasi ndani ya nyumba. Paka alipendwa na kuruhusiwa ndani, ila hakuwa mali ya kuhesabiwa, na lugha hutaja kwa urefu kile kinachohesabiwa. Tena "mtoto wa mbwa", kikitamkwa kwa ukali, ni tusi. Tumewahi kumwona karani mwenye adabu zake akisita kukiandika katika tangazo la serikali.

Kiswahili hicho kilipopanda bara hadi Usukuma kilikuta maisha mengine. Huko mbwa hulinda zizi usiku na huandamana na watoto malishoni mchana. Kisukuma kina ngeli ya udogo ya ka- na tu-, ambayo humwezesha msemaji kuunda neno la kitoto cha mnyama yeyote bila kumtukana mtu. Hata hivyo utafiti wa mifugo ulioanzishwa huko enzi za Waingereza haukuwa na habari na mbwa. Shinyanga ilijulikana duniani kwa sababu ya mbung'o. Hapo ndipo C. F. M. Swynnerton alipoendesha idara ya uchunguzi wa mbung'o, na kitabu chake kikubwa juu ya nzi hao kilitoka mwaka 1936, miaka miwili kabla hajafa katika ajali ya ndege. Ng'ombe ndiye aliyelipa kodi, ndiye aliyeuzwa mnadani, na kwa hiyo ndiye aliyeandikwa. Magonjwa yake yakapata majina yaliyo imara: sotoka, kimeta, chambavu, ndigana. Magonjwa ya mbwa yakabaki na jina moja tu linalojulikana na kila mtu, nalo ni kichaa cha mbwa.

Jina hili linastahili kuangaliwa kwa makini, maana limefanya kazi nzuri na limeleta madhara pia. Ni zuri kwa kuwa linaeleweka na kila mtu. Ubaya wake ni kwamba linaahidi mambo mawili yasiyo kweli siku zote: kwamba mgonjwa ni mbwa, na kwamba ana kichaa. Ugonjwa huu humpata paka, mbweha, punda, ng'ombe na binadamu. Ama kuhusu kichaa, waganga wa mifugo wanatambua sura mbili za ugonjwa. Katika sura ya kwanza mbwa hukimbia ovyo na kuuma kila kitu. Katika sura ya pili hupooza: hujificha gizani, taya huanguka, mate humtoka, akashindwa kumeza. Mwenye nyumba akimwona hivyo husema mfupa umekwama kooni, akatia mkono kinywani ili autoe. Kitoto cha mbwa kinapougua hunyong'onyea, na watoto wa nyumba humpakata ili kumbembeleza. Hakuna hata mmoja kati yao anayefikiri habari za kichaa, kwa sababu kichaa katika Kiswahili ni fujo. Hatupendekezi jina libadilishwe, kwani jina lililoota mizizi kiasi hicho haling'olewi kwa waraka. Tunapendekeza tu kwamba wafasiri waseme "kichaa cha ukali" na "kichaa cha kupooza", na kwamba maneno yote mawili yawekwe katika kila kijitabu, hata kinapokuwa kifupi.

Sasa tufike kwenye miezi mitatu. Mwaka 1939, katika jimbo la Georgia, Marekani, msichana mmoja alikufa kwa kichaa cha mbwa, na virusi vilivyopatikana kwake vikahifadhiwa na kupewa jina la Flury. Katika miaka ya 1940 wataalamu Hilary Koprowski na Herald Cox walivipitisha virusi hivyo katika vifaranga vilivyo ndani ya yai, mara nyingi mfululizo, hata vikadhoofika. Hivyo ikapatikana chanjo hai ambayo sindano moja tu ilitosha kumkinga mbwa kwa muda mrefu. Ilikuwa hatua kubwa mbele, na kuanzia miaka ya 1950 chanjo ya namna hii ilienea katika nchi nyingi za Afrika. Lakini ilikuwa na kasoro moja. Virusi vilivyopitishwa katika yai mara chache, yapata hamsini, vilikuwa bado na nguvu. Kwa mbwa mzima havikuwa na madhara. Kwa kitoto cha mbwa chini ya miezi mitatu, kwa paka na kwa ng'ombe, chanjo hiyo iliweza kuleta ugonjwa ule ule uliokusudiwa kuzuiwa. Kwa hiyo ikatolewa amri iliyo sahihi kabisa: asichanjwe mbwa aliye chini ya miezi mitatu. Kwa paka na ng'ombe ilitengenezwa chanjo nyingine, iliyopitishwa katika yai mara zaidi ya mia na themanini.

Amri hiyo ilikuwa ya chanjo fulani, iliyotengenezwa kwa namna fulani. Ilipofasiriwa, ikawa sifa ya mbwa. Maandishi ya awali yalikuwa na maana ya kwamba chanjo hii haimfai kitoto. Tangazo la Kiswahili likasema wanaotakiwa ni mbwa wa miezi mitatu na zaidi. Tofauti yaonekana ndogo, lakini sentensi ya kwanza hufa pamoja na chanjo yake, na ya pili huishi milele. Baadaye chanjo hai za namna hiyo ziliachwa polepole, zikaja chanjo ambazo virusi vyake vimekuzwa maabara na kuuawa kabisa kabla ya kutiwa katika chupa. Virusi vilivyokufa haviwezi kumpa kitoto ugonjwa. Hata hivyo tangazo halikubadilika.

Haitakuwa haki kusema kwamba miezi mitatu ilibaki kwa uvivu wa wafasiri peke yao. Ilikuwapo sababu ya pili, na hapa Kiswahili kina neno zuri ambalo wataalamu wetu wamelisahau. Kitoto cha mbwa au cha paka huzaliwa na kinga chache mno mwilini. Nyingi huzipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, tena katika siku ile ya kwanza tu, kwa kuwa baada ya hapo utumbo wake hufunga njia ya kuzipitisha kwenda katika damu. Kingamwili hizo za mama humlinda kwa majuma kadhaa, kisha hupungua na kwisha. Zingali zikimlinda, zaweza pia kuipiga chanjo na kuifanya isishike. Hii ndiyo hoja iliyowafanya wataalamu wengi waendelee kusema ngojeni miezi mitatu, na mpaka leo maandishi ya makasha mengi ya chanjo husema hivyo, ingawa baadhi huruhusu kitoto achanjwe mapema iwapo atarudiwa atimizapo umri huo. Sisi tumependekeza kinga hii iitwe "kinga ya dang'a". Vitabu vingine vimeandika "kinga tulivu ya kimama itokanayo na uzazi", maneno ambayo mwalimu wa kilimo hawezi kuyaeleza bila kurudi kwenye dang'a lenyewe. Zaidi ya hayo, istilahi ikiwa wazi, hoja nayo hupimika: mama ambaye hajachanjwa kamwe hana kinga ya kichaa ya kuitia katika dang'a lake. Basi katika kijiji ambacho majike hawajawahi kuona sindano, hoja ya kungoja haina kitu cha kungojea.

Upimaji wenyewe ulifanyika karibu nasi. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa degedege, na yapata thuluthi moja yao, karibu simba 1,000, walipotea. Ulikuwa ugonjwa wa distempa, unaojulikana zaidi kwa kuua vitoto vya mbwa. (Neno hili tumeliacha kama lilivyo, majaribio ya kuliita "homa ya mbwa" hayakufaa, maana mbwa ana homa nyingi.) Macho yakaelekezwa kwa maelfu ya mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Uchunguzi uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa mambo si mepesi hivyo, kwani virusi hivyo huzunguka pia miongoni mwa wanyamapori wenyewe. Hata hivyo simba hao walimpatia mbwa wa kijijini kitu ambacho hakuwa nacho kabla, yaani watafiti wa kumhesabu.

Vijiji hivyo si vya mkoa wa Mara peke yake. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Simiyu. Mwaka huo huo uliundwa mkoa wa Geita, ukachukua Bukombe kutoka Shinyanga. Kwa hiyo msomaji wa ripoti za zamani asishangae akikuta Meatu chini ya Shinyanga.

Kampeni ya kwanza ilianza mwaka 1996 katika wilaya ya Serengeti, ikiongozwa na Sarah Cleaveland na wenzake. Baada ya mzunguko wa kwanza wa chanjo, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya wa pili, kwa asilimia 97. Mwaka 2002 watafiti hao walichapisha makadirio yaliyowashtua wengi. Takwimu rasmi za Tanzania zilionyesha wastani wa vifo 10.8 vya watu kwa mwaka kwa ugonjwa huu, lakini hesabu iliyotokana na majeraha ya kuumwa na mbwa ilifikia vifo 1,499. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Daktari wa mifugo Mtanzania, Magai Kaare, aliyefariki mwaka 2008, alichunguza pamoja na wenzake njia za kuwafikia mbwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2009, yalionyesha kwamba kwa wakulima wafugaji kituo kimoja katikati ya kijiji chatosha, ilhali kwa wafugaji wanaotawanyika kituo peke yake hakitoshi.

Lengo linalotajwa ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Hapa ndipo umri unapokuwa na uzito. Utafiti wa Machakos, Kenya, uliochapishwa 2001, ulikuta kwamba nusu ya mbwa wote walikuwa chini ya mwaka mmoja. Mbwa jike aliweza kutazamiwa kuishi miaka 2.4 tangu kuzaliwa, na dume 3.5. Mbwa wa vijijini, kwa maneno mengine, ni taifa la watoto. Huzaliwa wengi, hufa wengi: kwa baridi, maana kitoto katika majuma ya kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe, kwa viroboto, kwa minyoo ya safura apatayo katika maziwa ya mama yake, kwa distempa. Sasa tuchukulie kijiji chenye mbwa 100, na kati yao 30 hawajafika miezi mitatu. Tangazo likiwazuia hao 30, bwana mifugo atalazimika kumchanja kila mbwa mzima pasipo kumkosa hata mmoja ili afikie 70. Hakuna kijiji cha namna hiyo. Na wale vitoto 30, wakiwa na bahati ya kuishi, watangoja kampeni ya mwaka ujao bila kinga.

Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa fupi juu ya vitoto vya mbwa 27, wa wilaya ya Serengeti na wa jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, waliochanjwa wakiwa na miezi mitatu au chini yake kwa chanjo ya virusi vilivyouawa. Wote 27 walipata kingamwili kwa sindano moja, wala hakuna aliyeripotiwa kudhurika. Idadi ni ndogo, na sisi si wataalamu wa kuitilia muhuri. Lakini mwaka 2018 taarifa ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilielekeza kwamba katika kampeni za halaiki wachanjwe mbwa wote, vitoto wa chini ya miezi mitatu wakiwamo.

Basi rasimu ya tangazo ikaletwa mezani kwetu na halmashauri moja ya kanda ya ziwa, tuisahihishe Kiswahili. Miezi mitatu ilikuwa imefutwa. Mahali pake paliandikwa: "Wananchi wote walete mbwa na watoto wao." Tulicheka, kisha tukanyamaza. Watoto wa nani? Kwa sarufi ya Kiswahili, "wao" yaweza kuwa ni mbwa, na yaweza kuwa ni wananchi. Katika kijiji cha Meatu kosa hili lingerekebishwa papo hapo, kwa kuwa msomaji wa tangazo angelieleza upya kwa Kisukuma. Katika machimbo ya Geita haiwezekani. Duara moja laweza kuwa na Msukuma, Mzinza, Muha, Mkurya na Mnyamwezi, na Kiswahili ndicho pekee wanachoshirikiana. Lililokosewa katika tangazo litabaki limekosewa. Tena huko watu huhama upesi. Mwamba ukikatika, kambi huvunjwa, na mbwa jike mwenye vitoto huachwa karibu na karasha. Kambi mpya ikianza, paka ndiye anayetafutwa kwanza kwa ajili ya panya walio katika maghala ya unga, na paka huyo hatajwi kabisa katika jina la ugonjwa.

Tulijaribu "vilebu". Likakataliwa, na kwa haki: tangazo si mahali pa kufundishia msamiati. Tulijaribu "mbwa wachanga", lakini neno hilo lamfikirisha msomaji juu ya mbwa wa siku mbili, akamwacha nyumbani yule wa miezi miwili. Dawa ilipatikana katika ngeli ya ki- na vi-, ambayo hufanya katika Kiswahili kazi ile ile ifanywayo na ka- na tu- katika Kisukuma. Mtu mwenye heshima zake hawaiti watoto wa jirani "vitoto" katika tangazo la serikali. Kwa hiyo "vitoto vyao" haviwezi kuwa ila vya wanyama. Neno hilo huondoa na tusi, maana anayetukana husema mtoto, hasemi kitoto.

Kuhusu chanjo yenyewe tulikuta ubishi mwingine. Rasimu ilisema "chanjo mfu", ikiwa ni kinyume cha chanjo hai. Bwana mifugo mmoja wa siku nyingi akatueleza kwamba wananchi wakisikia chanjo mfu huelewa chanjo iliyoharibika kwa joto, na hapo hawaji. Tukaandika "chanjo ya virusi vilivyouawa". Ni ndefu, lakini haimkimbizi mtu. Neno chanjo lenyewe lina historia ya kukua namna hii: lilianza kwa kuchanja ngozi kwa wembe, na leo halina wembe wowote ndani yake wala hapana anayeutazamia.

Tangazo likatoka hivi: "Leteni mbwa na paka wote wa nyumbani, pamoja na vitoto vyao, hata wanaonyonya." Tulimwuliza yule bwana mifugo kama tuongeze neno juu ya kitoto ambaye hajafumbua macho. Akasema hapana haja. Huyo huja tu pamoja na mama yake, amebebwa na mtoto katika kapu, na kazi yake yeye ni kuamua akimwona.